Kuwapima vijidudu wanaokula oili ardhini kwa mashine ileile ya kutafutia maji

Miaka kadhaa nyuma niliitwa kupima kiwanja kilichokuwa gereji kwa muda mrefu sana, wenyewe wanataka kujenga, wanataka wajue oili chafu na dizeli imesambaa mpaka wapi huko chini. Mi kazi yangu ya kila siku ni kupima maji ya visima kwa rezistiviti, yaani ardhi inavyougomea umeme, kwa hiyo nikaiona hii ya kitoto kabisa, oili haipitishi umeme, kila mtu anajua, basi natafuta sehemu ambayo umeme unagoma kupita, nazungushia mduara kwenye ramani, nalipwa, nasepa. Nikatandaza waya nikapima siku nzima. Wapi bana. Palepale penye doa jeusi mashine inasema umeme unapita vizuri kuliko hata ile kona ya mbali yenye majani mabichi. Nikabadilisha betri, nikasugua klipu kwa msasa, nikamgombeza kijana wa waya bila kosa, nikarudia, jibu lilelile. Nikaandika ripoti kwamba oili haijashuka, imeishia juujuu. Wiki mbili baadaye wanachimba shimo la choo wakakutana na mchanga mweusi tii unanuka mayai viza, mita tatu chini. Ripoti nikairudia bure.

Kumbe mashine ilikuwa inasema kweli, mimi ndo sikujua kusoma. Oili ikikaa ardhini muda mrefu inaliwa, na wanaoila wanaigeuza ile ardhi iwe kitu kingine. Kwa hiyo hapa nitaeleza navyofanya siku hizi, kwa mtu ambaye tayari ana teramita (mashine ya kupimia rezistiviti) au anaweza kuazima, na anataka kujua kama kule chini kuna kazi inafanyika au uchafu umekaa tu.

Kwanza lazima uelewe unapima nini, vinginevyo utarudia kosa langu. Bakteria mmoja ana urefu wa kama elfu moja ya milimita, hakuna mashine utakayoiweka juu ya ardhi ikamwona. Unachokiona ni vyombo vichafu alivyoacha jikoni. Na hawa jamaa wanakula kwa utaratibu, chukulia kama shughuli ya mtaani, pilau ikiwepo hakuna anayegusa kingine, pilau ikiisha watu wanahamia kwenye ugali, ugali ukiisha wanakwangua ukoko. Pilau yao ni oksijeni, yaani wanaivuta kuchomea oili kama sisi tunavyovuta hewa. Ikiisha wanatumia naitreti, halafu manganizi, halafu kutu ya chuma iliyopaka chembe za mchanga, halafu salfeti, na mwisho kabisa wanabaki wale wa kutoa gesi ya methani. Kila hatua inaacha alama yake. Oili ikiliwa inatoa kabonidayoksaidi na asidi, asidi inayeyusha madini ya kwenye mchanga, maji ya ardhini yanajaa chumvichumvi, umeme unapita. Kutu ikitumika, chuma kinayeyuka kisha kinajijenga upya kama magnetaiti ambayo sumaku inaivuta. Salfeti ikitumika unapata ule weusi na harufu ya mayai viza, hiyo ni salfaidi ya chuma. Na wenyewe wanajipaka kwenye chembe za mchanga kama ule utelezi wa ndani ya mtungi usiooshwa mwezi mzima.

Hili la umeme kupita vizuri penye oili kuukuu lilianza kusemwa kwa nguvu miaka ya 1990 huko Michigan, Marekani. William Sauck, Estella Atekwana na wenzao walikuwa wanapima maeneo yaliyochafuliwa na mafuta, likiwemo la kiwanda cha kusafisha mafuta pale Carson City na uwanja wa mazoezi ya zimamoto kwenye kambi ya zamani ya ndege za jeshi ya Wurtsmith, wakawa wanakuta kinyume cha kilichoandikwa vitabuni. Sauck akachapisha maelezo yake mwaka 2000, na mwaka 2009 Atekwana na Lee Slater wakaandika makala ndefu iliyoipa hii fani heshima yake, jiofizikia ya viumbe. Huyo mama ni mzaliwa wa Kameruni, nawaambieni tu kwa sababu vijana wengi wa fani hii huku kwetu hawamjui.

Sehemu iliyochunguzwa kuliko karibu zote ni Bemidji, jimbo la Minnesota. Tarehe 20 Agosti 1979 bomba la mafuta ghafi lilipasuka, zikamwagika kama lita milioni 1.7, wakazoa, wakanyonya, wakachoma, bado zikabaki kama lita 400,000 zimeelea juu ya maji ya ardhini. Tangu 1983 watafiti wa USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, wanaiangalia oili hiyo inavyoliwa taratibu. Nitarudi huko mara kwa mara, maana ukiwa na swali lolote kuhusu oili ya zamani kwenye mchanga, kuna mtu kule ameshatoboa shimo akapima.

Kabla hujagusa waya

Uliza umri wa uchafu. Hili ndo swali la kwanza na ndo wengi hawaulizi. Dizeli iliyomwagika mwezi uliopita itaonekana kama vitabu vinavyosema, rezistiviti juu, kwa sababu hakuna aliyeila bado. Iliyokaa miaka kadhaa inageuka. Katikati hapo kuna kipindi inaweza isionekane kabisa, oili inapandisha rezistiviti, chumvichumvi inashusha, unapata picha safi juu ya ardhi iliyooza. Mtafute mlinzi mzee wa pale au fundi aliyestaafu, mnunulie chai, atakuonyesha tenki lilikuwa wapi na walikuwa wanamwaga wapi, na mara nyingi atakuambia na mwaka. Ramani za ofisini huwa zinaonyesha tenki lilipotakiwa kuwa.

Halafu jua maji ya ardhini yanaelekea wapi, kwa sababu unahitaji sehemu safi ya kulinganisha, na iwe upande maji yanakotokea, udongo wake uwe wa aina ileile. Bila sehemu safi namba zako hazina maana yoyote, utasema rezistiviti ya omu-mita 30 ni uchafu kumbe ni mfinyanzi tu uliokuwepo tangu enzi za mababu. Mfinyanzi ndo adui namba moja wa kazi hii, unapitisha umeme wenyewe bila msaada wa bakteria.

Angalia na vyuma. Uzio wa chuma, bomba la maji, nondo za zege, waya wa ethi wa transfoma, vyote vitakuharibia. Tembea kabisa na daftari uchore. Na kama ni kituo cha mafuta au ghala, ujue mashine hizi zinatupa volti mia kadhaa kwenye waya, mvuke wa petroli na cheche havikai pamoja, hakuna sigara, hakuna kuunganisha klipu mashine ikiwa imewashwa, na shimo lolote lililotobolewa liache lipumue kwanza. Ruhusa ya mwenye eneo na ya mamlaka ya mazingira ya nchi yako upate mapema.

Pima maji kwanza, ni bei rahisi

Kabla ya mashine kubwa toboa mashimo mawili matatu kwa kekee ya mkono, moja upande safi, moja kwenye doa, moja upande maji yanakoelekea. Chota maji, chovya kile kimita kidogo cha EC (maji yanavyopitisha umeme) wanachotumia watu wa mabwawa ya samaki. Mi siendi popote bila hiki kidude. Kama maji ya upande safi yanasoma tuseme 400 na ya kwenye doa yanasoma 1200, maikrosimenzi kwa sentimita, umeshapata nusu ya hadithi.

Na hapo unaweza kukisia mashine itaonyesha nini. Maji ya 400 yana rezistiviti ya omu-mita 25, ya 1200 yana kama 8. Kichanga safi kilichojaa maji huwa kinaizidisha rezistiviti ya maji yake kama mara nne hivi, kwa hiyo upande safi utaona kama 100 na kwenye doa kama 33. Tofauti ya hivyo mashine yoyote inaiona. Lakini kama EC zimetoka 400 na 450, usijidanganye, rezistiviti haitakusaidia, weka hela yako kwenye kitu kingine.

Ukichota pima na pH, na oksijeni kama una kifaa, maji yakiwa hayana oksijeni na yana chuma kilichoyeyuka (yatoke safi kisha baada ya dakika kadhaa kwenye chupa wazi yageuke rangi ya chai) ujue kule chini pilau iliisha zamani.

Rezistiviti

Hapa nitaenda haraka maana wengi mnaijua. Usipime nukta moja moja kama ya kisima, tandaza mstari. Elektrodi (vigingi vya kupitishia umeme) 48 zikiwa mita moja moja unapata mstari wa mita 47, na kwa mpangilio wa vigingi uitwao Wenner utaona chini mpaka kama mita 8, inatosha kwa gereji nyingi. Mstari mmoja uanzie upande safi kabisa upite kwenye doa utokeze upande wa pili, picha moja iwe na vyote viwili, hiyo ndo itakayomshawishi mteja. Kisha mmoja wa kukata msalaba.

Ardhi kavu ikigoma, mwagia elektrodi maji matupu au tope la udongo. Watu wa visima tumezoea kumwaga maji ya chumvi, hapa usithubutu, unakuja kupima chumvichumvi iliyotengenezwa na bakteria halafu wewe mwenyewe unaleta ya dukani. Na kama utarudia kupima mwezi ujao ile chumvi itakuwa bado ipo inazama taratibu, utaandika paper nzima kuhusu chumvi yako ya mezani.

Rudia sehemu ya vipimo kwa kubadilishana, waya zinazopeleka umeme ziwe za kusoma na za kusoma zipeleke. Jibu linatakiwa liwe lilelile. Likipishana zaidi ya asilimia 5 tupa hicho kipimo, usikionee huruma. Kugeuza namba ziwe picha, kama huna hela ya programu ya kununua, ResIPy ni ya bure na inashughulikia na IP, ambayo nitaieleza hapo mbele.

Utafute nini kwenye picha? Utepe wa rezistiviti ndogo unaoanzia kwenye ule ukanda ambao maji yanapanda masika na kushuka kiangazi, juu kidogo na chini kidogo ya maji. Huo ukanda ndo wenye shughuli, hewa inaingia maji yakishuka, chakula kinafika yakipanda. Doa la umeme mzuri lililoko mita 15 chini wakati maji yako mita 3, huyo siyo bakteria wako, huo ni mfinyanzi au maji chumvi.

Kwa walioko pwani kuna jambo. Karibu na bahari maji ya ardhini tayari ni chumvi, umeme unapita kila mahali, bakteria hawana cha kuongeza. Kule oili inaonekana kwa njia ya kizamani, inagoma kupitisha. Kisiwani Grand Terre huko Louisiana, baada ya mlipuko wa mtambo wa mafuta wa Deepwater Horizon wa 2010, watafiti walifunga mfumo wa rezistiviti unaojipima wenyewe ufukweni, na safu ya oili ilionekana kama kitu kisichopitisha katikati ya mchanga wa maji chumvi, kisha wakawa wanaifuatilia inavyobadilika. Kwa hiyo mtu wa Kigamboni au Likoni asichukue sheria ya Michigan akaibandika hivyohivyo.

IP, hii ndo naipenda

Teramita nyingi za siku hizi zinapima na IP kwenye mstari uleule, yaani ukikata umeme ghafla ardhi inashikilia chaji kidogo kisha inaiachia polepole, kama kapasita mbovu. Rezistiviti inakuambia kuhusu maji, IP inakuambia kuhusu ngozi ya chembe za mchanga, na kwenye ngozi ndo utelezi wa bakteria unakaa na ndo salfaidi ya chuma inapojipaka. Ndo maana ukiwa na vyote viwili unaanza kutofautisha, maji chumvi peke yake yanashusha rezistiviti ila hayakupi chaji ya maana, mchanga wenye salfaidi unakupa vyote.

Mfano ninaoutumia kuwafundisha vijana ni Rifle, Colorado. Palikuwa na kiwanda cha kusaga madini ya urani, maji ya ardhini yakabaki na urani iliyoyeyuka. Watafiti wakawa wanadunga asetati ardhini, ni kama kuwamwagia bakteria supu, hasa wale wanaoitwa Geobacter wanaopumua chuma, na hao wakishiba wanaigeuza urani iwe ya aina isiyoyeyuka, inabaki pale haisafiri. Ukiwalisha muda mrefu, wala salfeti wanachukua usukani. Swali likawa utajuaje zamu imebadilika bila kutoboa visima kila kona? Kundi la Kenneth Williams likaweka waya za IP juu, na kwenye matokeo waliyochapisha 2009 ishara ya IP ilibadilika sambamba na kuongezeka kwa chuma kilichoyeyuka na salfaidi ndani ya maji na kujipaka kwa salfaidi ya chuma kwenye mchanga. Jamaa wamesimama juu, wanajua chini wamefika kwenye ukoko.

Kwa vitendo sasa. IP ni ishara ndogo, inaharibika kirahisi. Waya za kupeleka umeme na za kusoma zisilale pamoja, zitenganishe hata nusu mita, kama kebo yako ni moja yenye nyuzi zote ndani basi angalau usitumie kama elektrodi ya kusoma kigingi ambacho kimetoka kupeleka umeme sekunde chache zilizopita, bado kina chaji yake. Ongeza muda wa umeme kuwaka na kuzima, sekunde 2 au 4, usiwe na haraka. Umeme wenyewe uwe mkubwa kadiri ardhi inavyokubali. Na mfinyanzi, ndiyo tena huyohuyo, anatoa IP. Bomba la chuma nalo linatoa IP kali sana utadhani umegundua dhahabu. Ndo maana nilisema chora vyuma kwanza.

SP ya mrututu

Hii ni ya bei chee kuliko zote na ndo inayodanganya kuliko zote. Unapima volti zilizopo ardhini zenyewe bila wewe kupeleka umeme wowote. Penye oili hakuna oksijeni, juu kuna oksijeni, ile tofauti ni kama ncha mbili za betri. Kwenye jalala la Entressen kusini mwa Ufaransa, Véronique Naudet, André Revil na wenzao walionyesha mwaka 2003 kwamba ukishaitoa sehemu ya volti inayosababishwa na maji kutiririka, inayobaki inakwenda sambamba na hali ya redoksi ya maji machafu, yaani kama yana oksijeni au yameishiwa. Sasa kama kweli bakteria ndo wanaounganisha ncha mbili kama waya, wataalamu bado wanabishana, mi siingilii ugomvi wao, napima tu.

Elektrodi za chuma hazifai kabisa, chuma na udongo unyevu vinatengeneza betri yao wenyewe. Tengeneza vichungu. Nenda kwa mama wa vyungu, mwambie akufinyangie vidogo ukubwa wa glasi, vichomwe vizuri lakini visipakwe chochote, maana unataka vipitishe unyevu. Nunua mrututu duka la pembejeo, ule wa bluu wanaopulizia ukungu, koroga kwenye maji mpaka chembe zibaki chini hazitaki tena kuyeyuka, jaza, chovya waya mnene wa shaba uliokwanguliwa vizuri, funga juu kwa kizibo. Viweke vyote kwenye ndoo moja ya tope usiku kucha. Asubuhi pima kati ya kimoja na kingine, wale wanaopishana zaidi ya milivolti 2 watenge. Mimi kati ya sita huwa napata vinne vizuri, kimoja cha wastani, na kimoja kimepasuka kimemwaga bluu yote.

Multimita iwe na ukinzani wa ndani wa megaomu 10 au zaidi, nyingi za dijitali zinafika hapo, ila zile za bei ya chips mayai sina uhakika nazo. Kichungu kimoja kinakaa upande safi hakihami, kingine unatembea nacho. Kila nukta chimba sentimita 15, lainisha kwa maji kidogo, kandamiza kichungu kikae, subiri namba itulie, andika. Kila baada ya nukta ishirini rudi kwenye kichungu cha kwanza uone vimeachana kiasi gani, ukisahau hilo asubuhi utaona milivolti 5 na mchana 20 mahali palepale na hutajua ni jua au ni bakteria.

Angalizo, mrututu ni sumu ya ukungu na ya bakteria. Kama unataka elektrodi za kukaa miezi ardhini usiache vichungu hivi vinavuja, utawaua haohao unaowatafuta. Za kukaa muda mrefu ni za risasi na kloraidi ya risasi, hizo nunua.

Sumaku na rada

Hapa kifupi. Kule Bemidji walipopima mwitikio wa sumaku ndani ya mashimo walikuta unapanda hasa kwenye ule ukanda wa maji kupanda na kushuka palipo na oili, na walipoangalia mchanga wakakuta magnetaiti, kazi ya wapumua kutu. Ni njia nzuri sana kwenye mchanga mweupe. Ila ukija Arusha, Moshi au Nairobi kwenye udongo wa volkano, ardhi nzima ni sumaku, utatafuta sindano kwenye duka la sindano. Kwenye kichanga cha pwani jaribu hata bila mashine: kausha sampuli za kekee za kina tofauti, zimwage kwenye karatasi nyeupe, pitisha sumaku ya spika mbovu chini ya karatasi, uone kina gani kinatengeneza ndevu nyingi za unga mweusi. Siyo kipimo cha kuandika kwenye ripoti, ila inakuambia sampuli ipi upeleke maabara.

Rada ya ardhini inaona vizuri palipo safi, na penye umeme mwingi mawimbi yanafifia, kwa hiyo juu ya oili kuukuu picha inakuwa kama imefunikwa kivuli. Kivuli chenyewe ndo ishara. Kwenye mfinyanzi usiibebe kabisa, utaumia mgongo bure.

Kutoboa hakukwepeki

Ukishapata eneo ambalo rezistiviti imeshuka, IP imepanda, na SP imegeuka, bado huna bakteria, una tuhuma. Toboa mawili, moja katikati ya tuhuma, moja nje. Angalia rangi, nusa kwa mbali, peleka udongo na maji maabara wakupimie mabaki ya mafuta, chuma, salfeti, na kama bajeti inaruhusu DNA ya vijidudu. Pima na gesi ndani ya shimo, kabonidayoksaidi na methani zikiwa juu na oksijeni chini, hapo kuna mtu anakula. Hata joto linasaidia, kula kunatoa joto, na kule Bemidji ardhi yenye oili imepimwa ikiwa na joto kuliko ya pembeni.

Ukibanwa na hela, mpangilio wangu ni huu: kimita cha EC na kekee kwanza, rezistiviti na IP kwenye mistari miwili, basi. SP kama una muda. Mengine ni ya wenye ruzuku.

Rudia, na linda misumari yako

Picha moja inakuambia hali ya leo, haikuambii kama wanaendelea kula au walishamaliza na kuondoka, salfaidi na magnetaiti zinaweza kubaki baada ya wenyewe kwisha. Ukitaka kujua kazi inaendelea lazima urudi, vipimo vilevile, nukta zilezile, kiangazi na masika, mwaka huu na ujao. Sehemu nyingi za kwetu zinahitaji hili, kuanzia gereji za mjini hadi bonde la Thange kaunti ya Makueni ambako mafuta ya bomba yalivuja 2015 na watu wanategemea mto na visima. Ukilinganisha vipimo vya misimu tofauti kumbuka joto, kila digrii moja ikipanda umeme unapita vizuri zaidi kwa kama asilimia 2, kwa hiyo fukia kipimajoto na usahihishe namba kabla hujasherehekea. Mvua nayo. Mimi siku hizi nasubiri walau wiki moja ya ukavu kabla ya kurudia, na kila safari napima na ule mstari wa upande safi, ukibadilika wote pamoja basi ni msimu, ukibadilika wa kwenye doa peke yake ndo naamini.

Elektrodi za kurudia ziache ardhini, vyuma vya pua ni vizuri. Shida ni wenzetu wa vyuma chakavu. Seti yangu ya kwanza ya kuacha ilikaa siku nne, nikakuta mashimo 48 yaliyonyooka kwa mstari kama mtu amepanda mahindi. Sasa hivi nazizamisha sentimita kumi chini ya uso, nafukia, na mwanzo na mwisho wa mstari naweka tofali la zege lenye rangi, kisha nachukua vipimo vya futi kamba kutoka kwenye kona mbili za jengo ambalo najua halitabomolewa. Na mlinzi namwambia ukweli kwamba kuna nini pale, na kwamba kila nikirudi nikakuta tofali halijasogea kuna elfu kumi yake. Mpaka leo hazijapotea tena.